Kamba Hatuitaki

Siku Vénantie alipoolewa mara ya pili, mwanawe Jado alikaa benchi la nyuma kabisa kanisani, miwani ya jua usoni, kama mtu aliyekuja kuzika. Hakuimba, hakupiga makofi. Soda aliyopewa ukumbini aliiacha mezani mpaka ikaisha gesi.

Hakuwa mtoto mbaya. Alikuwa na boti za moteri pale Rubona, kando ya ziwa Kivu, akiwapeleka wageni visiwani, na hakuna abiria aliyepanda boti ya Jado bila kufungwa jaketi la kuokolea mpaka shingoni. Ila kichwani mwake mama mwenye wajukuu alikuwa na mahali pake, na mahali penyewe ni nyumbani: akae, apumzike, aletewe chai. Vénantie alikuwa ameivuka Grande Barrière, mpaka wa kwenda Goma, miaka na mikaka, vitenge vya Goma mgongoni, kuwasomesha watoto hao hao. Walipomwambia kwamba sasa apumzike, alisikia kama wanamwambia ajikunje vizuri wamweke kabatini.

Mume mpya aliitwa Bahizi, mwalimu mstaafu wa fizikia, mrefu na mwembamba kama mwanzi. Alizaliwa ukimbizini upande wa Bukoba, na Kiswahili chake kilichonyooka kiliwachekesha wauza viazi wa soko la Gisenyi, ambao walimwigiza akiwa bado anasikia. Utotoni mjomba wake alikuwa akisafirisha ndizi kwa mashua ya tanga, na mtoto Bahizi akakulia juu ya mikungu hiyo. Alipostaafu, wenzake walifuga kuku. Yeye aliunda mashua nyuma ya nyumba, akaichonga na kuipaka lami kwa mikono yake, halafu siku moja akaiburuta hadi ufukweni na mlingoti wake. Watu walicheka. Kivu ni ziwa la kasia na moteri, walisema. Tanga ni mchezo wa wazungu.

Vénantie alikuwa miongoni mwa waliocheka. Kesho yake alirudi kuangalia tena, na safari hiyo hakucheka.

Yeye ndiye aliyeipa mashua jina, baada ya harusi. Alichukua brashi akaandika ubavuni kwa rangi nyekundu: NDANZE. Ni Kinyarwanda, maana yake "nimekataa."

"Umekataa nini?" Bahizi aliuliza.

"Bado sijue. Vitakuya vyenyewe."

Vilikuja. Bahizi aliposema fungate yao waende Kibuye, upande wa kusini, kwa tanga, wao wawili tu, Jado alipata habari kabla ya jua kuzama, akaja uani bila kubisha hodi.

"Mama, hii kitu haiko na moteri."

"Iko na tanga."

"Tanga ni kitambaa!" Jado aligeuka kumtazama Bahizi, akamheshimu kwa sauti lakini si kwa macho. "Muzee, samahani. Mi naongea na mama yangu." Kisha akasema lile ambalo hakuwahi kulisema mbele ya mtu. "Mama, we umesahau papa alikufia wapi?"

Théoneste, baba yake Jado, alizama kati ya Goma na Bukavu katika boti iliyojazwa watu na magunia mpaka maji yakawa yanaramba ukingo. Jado alikuwa mtoto wa kushikwa mkono. Alisimama ufukweni na mama yake, leo na kesho na keshokutwa, wakikitazama kila kilicholetwa na maji. Mwili haukuletwa. Tangu hapo Vénantie aliishi hatua chache kutoka ziwani na hakutia hata kidole cha mguu. Aliligeuzia mgongo, kama jirani mliyegombana. Ni mwaka huu tu, mkono wake ukiwa mkononi mwa Bahizi, ndipo alipoingia kwenye mashua na kuzungushwa karibu na ufuko, macho ameyafumba mara ya kwanza, nusu ameyafumba mara ya pili.

"Sijasahau," alimwambia mwanawe. "Papa yako aliuawa na boti yenye moteri, yenye kujazwa batu kama maharagi mu gunia. Haikuwa upepo. Na mi nimechoka kuogopa maji yenye naona kila siku ku dirisha."

Jado alitoka bila kuaga. Lakini kesho yake alileta majaketi mawili ya kuokolea na moteri ndogo, kuukuu, aliyoitoa ghalani kwake, akaifunga mwenyewe nyuma ya mashua. "Basi bebeni hii," alisema. Vénantie aliikubali, maana aliona jinsi mwanawe alivyoikaza kila skrubu mara mbili.

Waliondoka alfajiri, mwezi wa saba, wakati upepo mwanana unashuka kutoka milimani na kusukuma kila kitu kuelekea ziwani. Tanga lilijaa taratibu. Gisenyi ikabaki nyuma na mitende yake na hoteli zake, na mlima wa Goma ukivuta moshi kwa mbali kama mzee asiye na haraka. Walipopita Rubona walimwona Jado amesimama kwenye gati. Vénantie alipunga mkono. Jado hakupunga, alisimama tu, akageuka taratibu kadiri mashua ilivyopita, akiifuata kwa kifua.

Baada ya rasi ya Kigufi upepo ulikatika. Ziwa likalala, likawa kioo, na tanga likaning'inia kama shuka iliyosahaulika kambani. Bahizi aliwasha moteri. Ilikohoa, ikanguruma, ikawapeleka kwa muda wa kutosha kunywa chai kutoka kwenye chupa. Halafu ikatema moshi mweupe, ikanyamaza. Bahizi alivuta kamba ya kuwashia mpaka shati likalowa jasho. Alifungua, akapuliza, akafunga, akavuta tena.

"Petroli ina maji," alisema mwishowe. "Hatuna nyingine."

Vénantie aliangalia ile moteri, akaanza kucheka. "Jado alisema tanga haiwezi kuaminika."

"Usimwambie."

"Nitamuambia kila Noeli mpaka nikufe."

Walikuwa bado wanacheka wakati maji ya mbali, kusini, yalipobadilika rangi. Yalikuwa ya fedha. Yakawa meusi, yamekunjamana, na weusi huo ukawa unawajia. Bahizi aliinuka, akashika kamba ya tanga.

"Huo ni upepo wa mbisho."

"Maana yake?"

"Unatoka kule kule tunakotaka kwenda. Ukiukabili uso kwa uso, unakurudisha. Kwa hiyo tunaukata mshazari: tunakwenda kulia, tunageuka, tunakwenda kushoto, tunageuka tena. Huko ndiko kubisha."

"Kubisha? Kama kubisha maneno?"

"Neno ni hilo hilo."

"Hiyo basi niko najua tangu zamani," alisema Vénantie, akajifunga kitambaa cha kichwa upya, kwa nguvu.

Upepo ulipowapiga, mashua iliinama ubavu hata akaona maji yakipita karibu na kiwiko chake, ya kijani, ya kasi. Alishika ukingo kwa mikono miwili na midomo yake ikaanza kusali yenyewe. Lakini Ndanze haikupinduka. Ililala ubavu ikakimbia, ikipasua mawimbi kwa kifua, na Bahizi alipopaza sauti "Geuka!" waliinama wote wawili, tanga likapita juu ya vichwa vyao kwa kishindo, mashua ikalalia ubavu wa pili ikakimbia tena. Kulia, kushoto. Kilima kilichokuwa mbele kikawa sambamba nao, kisha kikabaki nyuma. Upepo uliwapinga, nao walikuwa wanausonga. Vénantie alisikia sauti ikipiga vigelegele, akatambua kwamba ni yake.

Sasa, ziwa nalo lina ubishi wake. Walipokuwa wanaikaribia rasi ya mawe, ile ambayo baada yake kijiji cha Kinunu huonekana, ulikuja mvumo mmoja mkali kuliko yote. Tanga lilichanika kwenye mshono, kutoka katikati hadi ukingoni, kwa mlio kama wa mtu anayerarua jora sokoni. Mashua iliyumba, wimbi likaupiga usukani, na pini ya chuma iliyoushikilia ikakatika. Mpini wake ukaruka ukampiga Bahizi kwenye kifundo cha mkono. Vénantie alisikia mfupa ukilia.

Bahizi alianguka magoti. Maji yaliingia, ya baridi, mpaka vifundoni. Mashua isiyo na usukani iligeuka ikawapa mawimbi ubavu, na kila wimbi lilikuja na ndoo yake.

"Shusha tanga!" Bahizi alipaza sauti. "Kamba ya mlingotini! Ile nyeupe!"

Vidole vya Vénantie viliifungua. Tanga likamwangukia mwilini zima zima, akajitoa chini yake kama kuku anavyojitoa kapuni, akachukua sufuria ya ugali akaanza kukomba maji. Alikomba huku anamtukana yule mvumo wa upepo kwa Kinyarwanda, kwa Kiswahili, na kwa Kifaransa kidogo alichojifunza kwa askari wa mpakani. Maji yalipopungua alishika kasia, akapiga kuelekea ufuko uliokuwa na kidimbwi tulivu nyuma ya mawe. Mabega yale yale yaliyobeba vitenge yaliipeleka mashua pale. Bahizi alitupa nanga kwa mkono mmoja.

Walikaa kidogo, wakihema, maji yakiwachuruzika. Mkono wa Bahizi ulikuwa umeanza kuvimba.

"Pole, mume wangu."

"Pole wewe. Umeokoa mashua."

Alimfunga mkono kwa kitambaa chake cha kichwa, kisha akalikunjua tanga na kulitazama lile chaniko. Hakukuwa na kitambaa cha kuziba, isipokuwa mfuko mkubwa wa plastiki iliyofumwa, wenye mistari ya bluu na nyekundu, ule ambao kila mfanyabiashara wa mpakani anao. Alikuwa ameutia mablanketi na vyakula. Mfuko huo ulikuwa umemkunja mgongo mvua na jua. Aliwahi kuulalia, kuficha mkate ndani yake, kulilia juu yake siku askari walipomnyang'anya bidhaa. Alimwaga vilivyomo, akachukua kisu, akaupasua toka juu hadi chini. Kisu kiliingia vizuri. Alijisikia vizuri kuliko alivyotarajia.

Bahizi alikuwa na sindano nene na uzi wa nailoni kwenye kopo la vifaa. Vénantie alikuwa katikati ya mshono waliposikia moteri.

Ilikuwa boti ya Jado. Mtu wa kilimani, aliyekuwa akilima muhogo, aliiona mashua inazungushwa na mawimbi, akampigia simu, maana jina la Jado kwenye mwambao huu linajulikana. Jado alikuja kwa kasi, akaizima moteri karibu nao. Miwani ya jua hakuvaa. Macho yalikuwa mekundu. Alimtazama mama yake kwanza, juu mpaka chini, kama anayehesabu viungo. Kisha akaokota kamba nene kutoka miguuni akaitupa. Ikaangukia mapajani mwa Vénantie, juu ya tanga.

"Funga mbele. Nawavuta mpaka Rubona. Bon, twende, upepo inaongezeka."

Vénantie hakuigusa kamba.

"Mama, funga!"

"Vénantie," Bahizi alisema polepole. Uso wake ulikuwa umepauka. "Labda anasema kweli. Usukani hatuna. Mkono wangu huu haushiki kitu. Tunaweza kurudi siku nyingine."

Hilo ndilo lililomuuma Vénantie. Ukaidi wa Jado alikuwa ameuzoea, lakini Bahizi alikuwa mtu aliyeiburuta mashua mchana kweupe mbele ya mji mzima uliokuwa ukimcheka.

"Siku gani ingine?" aliuliza. "Mwalimu, mi nilikungoja miaka yote hii bila kukujua. Ile siku ingine iko wapi?" Akageukia boti. "Na we, Jado. Hii mashua inavuja?"

"Hapana, lakini..."

"Mlingoti imevunjika?"

"Mama, usukani haiko!"

"Kasia iko. Batu ba zamani waliongoza na kasia." Aliichukua ile kamba, akaikunja vizuri, duara juu ya duara, akamrudishia mwanawe kwa kuirusha. "Kamba hatuitaki."

Jado aliidaka. Sauti yake haikuwa ya mwenye boti wa Rubona tena.

"Mi nilisimama kule ufukweni pamoja na we," alisema. "Nilikuwa naangalia kila kitu yenye kuelea. Kila gogo. We unafikiri nilisahau? Sitaki kusimama tena, Mama. Sitaki."

Vénantie aliiweka sindano chini. Mawimbi yaliendelea kupiga mawe kwa upande wa nje.

"Najua," alisema. "Mwanangu, najua. Njo maana nimevaa jaketi yako. Njo maana nilikuwa karibu na ufuko." Alipangusa uso kwa kiganja. "Lakini ukinivuta leo, nitakuwa mutu wa kuvutwa. Nitakaa kwa kiti yangu mpaka nikufe, na kila mara nikiangalia ziwa nitaona ile kamba. Hapana. Ukipenda, kuya kando yetu. Ukiniona mu maji, nichukue. Lakini kama niko juu ya mashua, kamba iweke chini."

Jado alitazama kilimani, kisha ziwani. Hakusema ndiyo. Ila hakuondoka.

Mama alimaliza mshono wake, mara mbili, akakata uzi kwa meno. Kiraka kilikuwa kikubwa, cha mistari, hakina aibu. Walifunga kasia nyuma kwa kamba ili lizunguke kama usukani. Bahizi alikaa kwenye kamba ya tanga na mkono wake mzima, damu imeanza kumrudia usoni. "Lakini kasia utalishika wewe," alisema. "Nitakuambia lini."

"Niambie kwa nguvu. Upepo ina kelele."

Walipotoka nyuma ya mawe upepo uliwapokea kama uliokuwa umewangoja. Kasia lilivuta mikono ya Vénantie kama fahali anavyovuta kamba. Alilikumbatia, akalibana kwa ubavu, akaweka miguu mbali mbali. Kulia. "Geuka!" Kushoto. Mara ya kwanza waligeuka vibaya, mashua ikasimama, tanga likipiga makofi bure, wakarudishwa nyuma kuelekea kwenye mawe. Boti ya Jado ilisogea. Vénantie alimwona ameishika kamba mkononi, amesimama. Alimtikisia kichwa. Jado akabaki na kamba yake.

"Tena!" alipaza sauti Vénantie, na safari hii yeye ndiye aliyesema "Geuka!" kabla ya mumewe.

Mashua iligeuka. Kiraka kilijaa upepo, kikatuna, mistari ikanyooka, na mshono ukashika. Walikwenda mshazari mrefu mpaka katikati ya ziwa, povu la mawimbi likimrukia usoni, chumvi ya machozi yake ikisafishwa na maji matamu ya Kivu. Halafu mshazari mwingine, kurudi pwani. Kila mara rasi ilikuwa imesogea kidogo tu, lakini ilikuwa imesogea. Mabega yaliwaka moto. Ngozi ya kiganja ilichubuka. Mara moja akatamani, kwa dhati, kamba ile. Akaitazama, akaangalia mbele. Na mshazari wa mwisho ukawapitisha mwisho wa mawe, karibu hata angeweza kuyatemea mate. Aliyatemea mate.

Kinunu ilikuwa mbele, mchanga wake na miti yake, na vitanda vya kuanikia kahawa vikipanda kilimani.

Jado alifika ufukweni kabla yao. Mashua ilipogusa mchanga, alikuwa ameshaingia majini mpaka kiunoni na suruali yake nzuri, akaivuta kwa mikono yake. Hiyo mama yake aliiruhusu. Kisha akasimama mbele yake, maji yanamtiririka, akaanza kumgombeza kwa Kinyarwanda, kwa maneno yote ambayo mama humwambia mtoto aliyepanda juu ya paa. Vénantie alimwacha amalize. Alipomaliza alikuwa analia.

"Niliogopa, Mama."

"Mi pia. Niliogopa sana. Angalia." Akamfunulia mikono iliyolibana kasia mpaka ikachubuka.

Jado aliishika ile mikono, akaona malengelenge. Kisha akamgeukia Bahizi, na kwa mara ya kwanza tangu harusi hakumwita Muzee. "Papa," alisema, "huo mukono lazima uonekane na muganga. Twende kwanza kwa muganga. Na barabara, si ziwa."

"Kwa mganga nitakwenda," alisema Bahizi. "Lakini nitarudi."

Mfupa haukuwa umevunjika, ulikuwa umeteguka tu. Jado alirudi Rubona jioni hiyo, akachukua moteri yake mbovu bila kuulizwa. Fundi wa baiskeli wa Kinunu alichonga pini mpya kutoka kwenye chuma cha ekseli. Wenyeji waliokuja kuiangalia mashua yenye kiraka cha mfuko waliuliza kama wazee watarudi kwa basi. Vénantie aliwaambia wakaulize mashua. Imeandikwa jibu ubavuni. Waliosoma walicheka, na hakuwa anachekwa yeye.

Bahizi alipoweza kufunga ngumi tena, walibisha mpaka Kibuye. Upepo ulikuwa ule ule, wa kusini, mkaidi, lakini mikono ya Vénantie ilikuwa imeshaota sugu. Walilala Kibuye, wakala sambaza, vile visamaki vya Kivu, vya kukaanga na pilipili, wakakaa ukingoni wakitazama visiwa vilivyotawanyika kama viazi vilivyosahauliwa na mpishi.

"Kurudi ni rahisi," alisema Bahizi. "Upepo utakuwa mgongoni. Hatutafanya kitu, ni kukaa tu."

Vénantie alikuwa anatazama upande wa pili. "Na kule?"

"Kule ni Nyamasheke. Halafu Cyangugu, mwisho wa ziwa." Alimtazama mkewe. "Mbisho njia nzima."

Asubuhi yake simu ililia wakati wanatoka bandarini. Ilikuwa Jado. Nyuma yake boti ilikuwa inanguruma na abiria wanacheka.

"Mama, bon, munarudi lini?"

"Tukimaliza ziwa."

Akakata simu kabla hajajibiwa, maana usukani ulikuwa unataka mikono yote miwili.